Mapumziko hayabaki, hukatwa

Niliwahi kushona gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Ndiyo, yote miwili ya kushoto. Nilikata vipande bila kugeuza karatasi ya kipimo, nikavishona mwenyewe kwa mikono yangu hii, saa 7 usiku, huku nikijiambia kwamba nikimaliza hili nitalala kwa amani. Asubuhi nikalitundika kwenye henga, nikaona bega la kulia limejikunja kama la mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Kuuweka ule mkono kulinichukua dakika 20. Kuufumua kwa kiwembe kulichukua karibu saa 2, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa hariri, matundu ya sindano yalibaki kwapani kama alama za ndui. Kitambaa cha kukata mkono mwingine hakikutosha. Nikanunua kingine kwa hela yangu.

Saa moja niliyoiba kwenye usingizi niliilipa kwa nusu siku ya mchana, na riba juu. Tangu hapo nimekuwa nikijifunza kupumzika kama nilivyojifunza cherehani, yaani kwa kuharibu kwanza. Mimi ni fundi, nafanyia kazi nyumbani, nina watoto wawili, na mume wangu ana kazi ya zamu. Haya ninayoyaandika ni ya mtu wa namna hiyo: asiye na likizo ya mwezi mzima, ambaye siku yake imebana, na bado anataka kufika jioni akiwa mtu.

Anza na daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na muda huisha hivyo hivyo. Kabla ya kujipangia mapumziko yoyote, chukua daftari dogo, na kwa siku 7 andika kila nusu saa neno moja tu la ulichokuwa unafanya. Langu lilijaa maneno kama "kukata", "simu", "kufua", "mteja", "kutafuta". Usiandike sentensi, utachoka siku ya pili.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kujirekebisha wiki ileile unayojipima. Mtu akijua anaandika, anakuwa mwema ghafla, na daftari linakuwa la mtu mwingine. Ishi kama kawaida, hata kwa aibu. Wa pili ni kuandika yote usiku kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka huongeza kazi na kupunguza simu, nimejaribu, najua.

Nilikuwa nimeapa kwamba sina hata dakika moja. Daftari likasema mengine. Kwanza, ujumbe wa wateja. "Dada, imefikia wapi?" Jibu lake ni la nusu dakika, lakini siku moja nilihesabu mara 23. Kila mara naondoa mguu kwenye pedali, navua miwani, nasoma, najibu, navaa miwani, kisha nauliza mshono nilikuwa naupeleka wapi. Pili, kutafuta. Mkasi uko chini ya vitambaa, futi iko shingoni mwangu naitafuta mezani, chaki imechukuliwa na mtoto. Kati ya asubuhi na jioni, karibu dakika 40 zilikuwa za kutafuta vitu ambavyo vyote vilikuwa ndani ya chumba kimoja.

Nikafunga mkasi kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza. Chaki na futi nikazipa kopo lao. Dakika nyingi kati ya zile 40 zikarudi, nami nikashangilia kama mtu aliyeokota noti kwenye koti la zamani.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo watu wengi tunapokwama. Wiki moja baadaye dakika zile hazikuwepo. Sikuzilala wala sikukaa nazo. Nilikuwa nimepokea oda mbili zaidi, kwa sababu "siku hizi nina nafasi". Mwaka 1955 Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, aliandika kwa utani kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote uliopo. Alikuwa anawacheka maofisa wa serikali, lakini angeweza kuwa amekaa kwenye kigoda changu.

Kwa hiyo kuokoa muda peke yake hakukupi pumziko. Kinachobaki mwisho wa siku hubaki kwa ajili ya kazi. Ukisubiri makombo, utakula makombo ya makombo.

Liache wakati wa kukata

Fundi hakati kitambaa sawasawa na mwili. Kila upande unaacha kiasi, mara nyingi sentimita 1.5, nje ya mstari wa chaki. Mteja haioni nafasi ile, haivai, hakuilipia kwa jina, lakini ndiyo inayoushika mshono. Ukiibana ili kuokoa kitambaa, nguo itapendeza ikiwa kwenye henga na itapasuka siku ya kwanza mtu akiinama. Wala huwezi kuiongeza baada ya kukata. Mkasi ukishapita, umepita.

Siku yangu nilikuwa naikata bila kuacha hata uzi. Sasa kila Jumapili jioni napanga wiki kwa utaratibu uliogeuzwa: naandika kwanza saa ya kulala, halafu pumziko la mchana, halafu saa zangu mbili za Jumamosi. Oda zinaingia kwenye kilichobaki. Zikiwa haziingii, maana yake nimepokea oda nyingi, na tatizo hilo linatatuliwa mlangoni, mteja anapokuja na kitambaa. Usiku wa manane si mahali pake.

Anza na kidogo. Pumziko moja la dakika 20, saa ileile kila siku, kwa wiki 2. Watu hupenda kuanza na ratiba yenye mazoezi, kusoma, kutembea, kulala mapema na kukaa kimya, vyote Jumatatu moja. Ifikapo Alhamisi ratiba imekuwa kazi nyingine, na wao wanajilaumu kwa kushindwa hata kupumzika. Ukishika saa moja, nyingine zitaifuata.

Saa gani?

Mimi nilichagua saa 8 mchana, na kuna sababu. Mwili una saa yake ya ndani, na alasiri, kati ya saa 7 na saa 9 hivi, huwa inatushusha hata kama hatujala chochote. Tunakilaumu chakula, lakini chakula kinaongezea tu. Ndio wakati wangu wa kushona zipu kinyume. Kwa hiyo saa ambayo nikiifanyia kazi naiharibu ndiyo niliyoitoa kwanza. Daftari lako litakuonyesha ya kwako: tafuta pale ulipokosea, ulipogomba na mtu, au uliposoma ukurasa mmoja mara tatu.

Saa ya mwili ni kaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1938 mtafiti wa usingizi, Nathaniel Kleitman, na mwanafunzi wake Bruce Richardson walijifungia ndani ya pango la Mammoth kule Kentucky, Marekani, kwa siku 32. Humo hamkuwa na jua wala jogoo. Walijaribu kuishi kwa siku ya saa 28 badala ya 24. Yule kijana, Richardson, alizoea. Kleitman, aliyekuwa ameshapita miaka 40, mwili wake ulikataa katakata, ukaendelea na saa 24 zake kana kwamba jua liko palepale. Huwa namkumbuka mzee yule kila ninaposikia mtu akisema atajizoesha kulala saa 4 tu kwa siku.

Sasa namna ya kusinzia mchana, kwa kuwa watu wengi wanakosea hapa na kisha wanasema mchana hauwafai. Weka kengele ya dakika 25: tano za kuchukuliwa na usingizi, 20 za kulala. Ukizidisha nusu saa unaanza kuzama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo utaamka umevurugika, mdomo umekauka, hujui ni leo au kesho, na utahitaji nusu saa nyingine ya kurudi duniani. Jifunike macho, mimi natumia kipande cha pamba nyeusi kilichobaki kwenye oda fulani. Lala kabla ya saa 9, la sivyo utauibia usiku. Na kama usingizi haukuja, usihangaike nao. Kulala kimya, macho yamefungwa, mikono imeachwa, ni pumziko tayari. Wiki ya kwanza mimi sikusinzia hata siku moja, nilikuwa nahesabu oda kwenye dari.

Watafiti wa NASA waliwahi kuwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 ya kusinzia kwa zamu wakiwa angani, mwenzao akiendelea kuongoza ndege. Kwa wastani walilala dakika 26, na baadaye walikuwa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa nafasi hiyo. Namtajia hilo kila anayeniambia kwamba kulala mchana ni uvivu. Rubani akilala ni sayansi, fundi akilala ni uvivu?

Ila kama usiku unagaagaa mpaka saa 8, achana na usingizi wa mchana kwa muda. Kaa tu, au tembea.

Pumzika pale kazi inapojikata yenyewe

Pumziko kubwa peke yake halitoshi. Mgongo hausubiri saa 8.

Nilijaribu ile njia ya Mwitaliano Francesco Cirillo ya mwishoni mwa miaka ya 1980: unafanya kazi dakika 25, kengele inalia, unapumzika dakika 5. Ni njia nzuri kwa mtu wa makaratasi na kompyuta, na ninawajua wanaoishi nayo. Mimi ilinishinda ndani ya siku tatu. Kengele inalia nikiwa katikati ya kola, sindano iko ndani ya kitambaa, nikiinuka kola inateleza. Nikawa naizima na kusema "nimalizie hii", na "hii" haiishi.

Kilichonifaa ni bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Uzi wa bobini ukiisha, cherehani inaendelea kupiga kelele lakini haishoni. Kazi imejikata yenyewe. Zamani nilikuwa nagombana nayo. Nilikuwa hata na bobini sita zilizojazwa tayari ili nisipoteze muda. Sasa najaza moja tu. Ikiisha nasimama, natazama nje kitu kilicho mbali, nazungusha mabega, nakunywa maji, ndipo najaza nyingine. Ni dakika tatu au nne, na kwa siku yenye kazi nyingi hutokea mara nane au tisa. Sihitaji kengele wala nia ya chuma.

Kila kazi ina bobini yake. Mwalimu ana kipindi kinachoisha. Dereva ana abiria anayeshuka wa mwisho. Mtu wa kompyuta ana faili linalohifadhiwa au mkutano unaokwisha. Mama wa mtoto mchanga ana ile dakika mtoto anapoachia ziwa. Tafuta jambo linalotokea lenyewe mara nyingi kwa siku, ulifunge pumziko dogo kwenye mkia wake. Ukitegemea kukumbuka, hutakumbuka. Aliyechoka kitu cha kwanza kumpotea ni kumbukumbu ya kwamba amechoka.

Macho yana kanuni yao ambayo madaktari wa macho huipenda kwa sababu ni rahisi kuishika: kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Tukikazia macho kioo cha simu, kompyuta au tundu la sindano, tunapepesa kope mara chache mno, na jicho linakauka. Pepesa kwa makusudi. Watoto wangu hunicheka, wanasema Mama anakonyeza ukuta.

Jambo moja zaidi kuhusu mapumziko madogo: yapime kwa kiungo kilichochoka. Mimi nakaa mchana kutwa, kwa hiyo kwangu kukaa kwenye kiti kingine si kupumzika, ila kutembea hadi mwisho wa njia na kurudi. Anayesimama siku nzima, ainue miguu juu. Anayeongea na watu tangu asubuhi anahitaji ukimya kuliko godoro, na anayeshinda peke yake huenda pumziko lake ni soga za dakika kumi na jirani.

Simu nimeichunguza sana, maana naipenda. Kipimo changu ni hiki: baada ya dakika 20, narudi kwenye cherehani nikiwa mwepesi au mzito? Nikisikiliza redio nikiwa nimefumba macho, mwepesi. Nikitazama video fupifupi, mzito, na shingo inauma juu yake. Wewe jipime mwenyewe kwa siku kadhaa, lakini jipime kwa ukweli.

Namna ya kusema "siwezi"

Hapa pana ugumu kuliko kote, na sina hila ya kukupa, nina maneno tu.

Zamani nilikuwa najieleza. "Samahani sana mama, unajua wiki hii mtoto ameumwa, halafu kuna oda nyingine, halafu..." Kila sababu unayotoa ni mlango. Mteja anaingia humo: "Basi ukimaliza ya mtoto." Siku hizi naanza na siku ninayoiweza.

"Dada, nisaidie, naihitaji kesho asubuhi."

"Kesho haiwezekani, mama. Keshokutwa saa 4 utaikuta imepigwa pasi."

"Hata usiku huu usingejibana kidogo?"

"Usiku nikishona nakosea, na kitambaa chako ni kizuri, sitaki kukiharibu."

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli, na kwa uzoefu wangu inafanya kazi kuliko kulia umechoka. Uchovu wako haumhusu sana mtu, gauni lake linamhusu. Wengine huondoka. Wengi hurudi keshokutwa. Mmoja alinuna kwa mwezi mzima, kisha akaniletea na dada yake.

Kwa ujumbe wa simu niliandika tangazo moja: "Ujumbe najibu saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Nguo yako ikiwa tayari nitakutafuta mwenyewe." Zile mara 23 zikashuka hadi mara mbili, kwa maana nazijibu zote kwa pamoja. Dunia haikuanguka. Nilidhani itaanguka; nilikaa siku ya kwanza nikiitazama simu kama sufuria ya maziwa.

Ukiwa umeajiriwa, tangazo la namna hiyo huenda si lako kulitoa, lakini bado unaweza kumuuliza msimamizi swali moja: "Kati ya hizi tatu, ipi ianze?" Anayepanga foleni ya kazi mwenyewe ni nadra kusema zote zianze.

Nyumbani maneno ni mengine. Mimi na mume wangu tuna zamu ya Jumamosi: saa 2 zangu, saa 2 zake. Katika saa zangu haniiti ila kwa damu au moto. Ndivyo tulivyokubaliana, damu au moto. Mara ya kwanza aliniita kuuliza soksi ziko wapi. Nikamjibu nikiwa nimefumba macho, "Zinatoka damu?" Hajaniita tena. Nami kwenye zamu yake najizuia vilevile, hata nikisikia kitu kimevunjika jikoni.

Kama uko peke yako na mtoto mdogo, huo mpango wa zamu haukusaidii, na sitajifanya unakusaidia. Ninachokumbuka kutoka miaka ile ni kimoja: mtoto akilala, lala kwanza, vyombo baadaye. Ukianza na vyombo, ataamka ukiwa unasuuza sahani ya mwisho. Na msaada ukitolewa, upokee ukiwa na jibu tayari. Shangazi akiuliza "Nikusaidie nini, mwanangu?" usiseme "Usijali, shangazi." Sema "Mshike saa moja, nilale."

Aibu ya kulala mchana

Mama yangu alinikuta siku moja nimejinyoosha saa 8, kitambaa cheusi usoni. Akasimama mlangoni.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama. Napumzika."

"Umefanya nini mpaka upumzike?"

Hakuwa na ubaya. Kwake pumziko ni mshahara, hulipwa baada ya kazi kuisha, na kazi ya mwanamke haiishi, basi hesabu ikabaki hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenilea na ule msemo, mchumia juani hulia kivulini. Nikamuuliza, "Mama, wewe kivulini umekaa lini?" Akacheka, akakaa pembeni ya mkeka. Hakujibu.

Nami bado naiona aibu hiyo. Naisikia hatua za mtu nje na mwili unataka kuruka, ushike chochote, uonekane. Dawa yake kwangu imekuwa ni kujua kwamba watu walishaligombania jambo hili na kulishinda. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kwamba mfanyakazi wa kiwandani apate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo katika kila siku 7. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika na kuwa na wakati wa starehe. Kila mtu. Halikutaja kwamba amalize kufua kwanza. Tuliojiajiri ndio mabosi wabaya kuliko wote: hakuna bosi aliyewahi kuniambia nishone hadi saa 7 usiku, ila mimi.

Usiku

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Mambo machache ninayoyashika, mengine nimeyaacha.

Saa ya kuamka haibadiliki, hata Jumapili. Ndiyo inayoweka sawa saa ya kulala, kinyume na nilivyodhani. Kafeini naiacha baada ya chakula cha mchana. Kwa watu wengi mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu yake, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni nusu yake bado inatembea ndani yako saa 4 usiku. Unaweza kulala nayo, lakini usingizi unakuwa mwepesi. Maji ya uvuguvugu mwilini saa moja au mbili kabla ya kulala nayo husaidia: damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka, mwili wa ndani unapoa, na kupoa huko ndiko kunakoita usingizi.

Lililonisaidia kuliko yote ni daftari tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha mwaka 2018 jaribio la vijana 57. Kabla ya kulala, nusu yao waliandika kwa dakika 5 kazi zinazowangoja, nusu wakaandika walizokwisha kuzifanya. Walioandika za kesho walilala mapema kwa kama dakika 9, na kadiri walivyoandika kwa undani ndivyo walivyolala haraka. Mimi naandika hivi: "Zipu ya sketi ya bluu. Vifungo 6, vyeupe, viko kopo la pili. Kumpigia mwenye suruali kuhusu urefu." Zikishakaa kwenye karatasi, kichwa hakioni haja ya kuzikariri. Simu inalala chumba kingine, kwa kengele nina saa ya mezani.

Ukilala saa za kutosha wiki kadhaa na bado unaamka umechoka, au mwenzako anakwambia unakoroma halafu pumzi inakatika, nenda kwa daktari. Damu pungufu, tezi ya shingo, sonona, hayo hayatibiwi na ratiba.

Wiki ikivurugika

Itavurugika. Msimu wa oda nyingi ukifika, mimi hupoteza Jumamosi na siku nyingine hata saa 8 mchana. Nimeacha kujaribu kuvishika vyote. Nashika kimoja, saa ya kulala, na hicho sikiachii. Mashine inafunikwa saa 3 usiku hata kama pindo limebaki nusu. Sindano naiacha imechomwa palepale nilipoishia ili asubuhi nisitafute. Usingizi niliopungukiwa naurudisha kidogokidogo kwa kulala mapema siku zinazofuata, nusu saa hapa, nusu saa pale. Kulala hadi adhuhuri siku moja kunanivuruga usiku wake, na Jumatatu naianza nikiwa na deni lingine.

Pumziko la mchana ndilo hurudi la pili. Wiki iliyopita nilikuwa nimejinyoosha, kitambaa usoni, kengele imewekwa, nikasikia mlango unagongwa. Mwili ukataka kuruka kama kawaida yake. Kabla sijainuka, binti yangu wa miaka tisa alikuwa ameshafungua, na sauti ya mteja ikauliza, "Mama yupo?"

"Yupo," akasema, "amelala. Njoo saa 9."

Akafunga mlango taratibu.